Viwanja Kwenye Bonde la Kambare

Komora na mkewe Kibibi walilima mpunga kando ya mto Tana, karibu na Garsen. Asubuhi walifukuza ndege shambani. Mchana walikula ndizi za kupika na samaki.

Mwaka huo, 1954, serikali ilitaka kugawa viwanja vya nyumba. Mtoto wao Mwanaarusi, mama wa watoto wawili wadogo, alipangiwa kiwanja namba saba. Kiwanja hicho kilikuwa bondeni. Wenyeji wote walijua kwamba mto ukifurika, maji hujaa hapo.

Barazani Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali, aliuliza, "Nani ana pingamizi?"

Wazee wakatazama miguu yao. Kwetu, mtu hataji mafuriko mahali panapojengwa nyumba. Ukiyataja, umeyaita. Karani akaandika kwamba hakuna pingamizi. Kimya kile kilikuwa ujinga. Naweza kusema hivyo, maana hata mimi nilikuwepo na nilinyamaza.

Tangu siku hiyo Komora hakula vizuri.

"Baba Mwanaarusi, sema," Kibibi alimwambia. "Pale mimi nilitega kambare. Leo mwanangu ajenge jiko hapo?"

"Nikisema, siku maji yakija watasema nimeyaita mimi."

"Na usiposema?"

Komora alilia, mwanamume mzima, jembe mkononi.

Kibibi akaenda kwa jirani yao Chengo, bwana afya. Jioni Chengo alikuja.

"Mzee Komora, ile ramani ya viwanja bado ni pendekezo," alisema. "Imebandikwa ofisini siku thelathini ili watu waikague. Sheria inakataza kujenga nyumba mahali panapotuama maji. Maji yakijaa chooni, uchafu unaingia kisimani, na watoto wanahara. Lakini mpima ardhi alikuja kiangazi, akaona pakavu. Atajuaje, nanyi mmefunga midomo?"

"Siku ngapi zimebaki?"

"Mbili."

"Basi, tumekwisha."

"Bado. Pingamizi liandikwe. Litaje namba ya kiwanja, kasoro yake na ushahidi. Mimi nitaandika, wewe utatia kidole gumba. Kesho twende bondeni tukapime."

Asubuhi walikwenda. Kwenye shina la mti wa mkoma palikuwa na mstari wa tope la zamani. Ulimfika Chengo kifuani. Akaupima kwa futi, akaandika.

"Mzee, mstari huu umeletwa na nini? Siwezi kuandika usilosema."

Komora aliugusa mstari ule kwa kidole.

"Gharika," alisema. "Ilikuja nikiwa kijana. Mungu apishe mbali."

Siku ya mwisho Komora alipeleka karatasi ofisini. Bwana Shauri alikuja mwenyewe kuutazama ule mkoma. Viwanja kumi na viwili vya bondeni vikafutwa, vikahamishiwa kwenye mwinuko wa mchanga. Mwanaarusi akajenga huko.

Masika iliyofuata mto ulivunja kingo zake. Bonde likawa ziwa. Mpunga wa kijiji kizima ukaoza, na njaa ikaingia. Watu wakasema, "Komora ameyaita."

Hata Godhana, rafiki yake tangu utoto, aliacha kumsalimu. Msikitini watu walimwachia nafasi pande zote mbili. Komora alikonda. Alizeeka upesi, na sikuona siku hata moja alipocheka.

"Ningenyamaza tu," alimwambia mkewe.

"Ungenyamaza, tungekuwa tunazika," Kibibi alijibu.

Kule mwinukoni hakuna nyumba iliyoingia maji. Hakuna kisima kilichochafuka. Godhana naye anakaa huko, kwa kuwa kiwanja chake cha kwanza kilikuwa namba tisa, bondeni. Kila asubuhi anapita na wajukuu zake mlangoni kwa Komora, akiangalia upande wa pili. Komora huwahesabu wale watoto kimyakimya. Ni wanne, na wote wapo.