Pua Inayopiga Chafya

Pua ilipiga chafya tena, na banda zima la kuku likanyamaza.

Ilikuwa mashine ndogo ya duara, inayotambaa darini kama mjusi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunusa. Katika jiji la Singida la wakati huo, ambako kuku walifugwa kwenye maghorofa na reli ya angani ikapita juu ya mashamba ya alizeti, kila banda lilipewa Pua yake. Hewa ikiwa safi, Pua ilitulia, na mayai yakapigwa pete ya kijani. Hewa ikichafuka, ilipiga chafya, na mayai yakatoka na pete nyekundu. Banda lililokutwa na pete nyekundu siku ya ukaguzi lilifungwa.

Leokadia alifuta mikono kwenye kitenge, akatazama juu. "Sasa nimekukosea nini?" akaiuliza.

Ukaguzi ulikuwa Ijumaa, na yeye alikuwa ameshafanya kila alichoweza. Zamani banda hili la mama mkwe wake lilikula soya ya ng'ambo, soya iliyolimwa palipofyekwa misitu, ikapanda meli, ikapanda treni, na kila hatua ikaongeza moshi wake na bei yake. Ikifika, kuku walilishwa zaidi kuliko miili yao ilivyohitaji. Ziada ikatoka kwenye kinyesi, na kinyesi kikatoa ile hewa kali inayochoma macho, na nyuma yake gesijoto, zile gesi zinazoipasha dunia joto. Kwa hiyo Leokadia akabadilisha. Akaifundisha Mlishaji, mashine ya mikono mirefu inayochanganya chakula, ichanganye kwa kipimo mahindi, mashudu ya alizeti kutoka kinu cha jirani, chokaa ya kuimarisha maganda ya mayai, na funza waliofugwa kwa mabaki ya sokoni. Gharama zikashuka mpaka mumewe Sungi, aliyekuwa akiendesha treni za mbali, akapiga simu kuuliza kama kuna kuku wamekufa.

Pua ikatulia. Halafu ghafla zikaanza chafya za jioni. Asubuhi kimya, jioni chafya.

Leokadia hakuwa mtu wa pupa. Alibeba kigoda, akaketi kwenye kona ya banda, akawa anawatazama kuku tu. Muda wa kula ulipofika, Mlishaji ikamimina. Kuku wakadonoadonoa kwa adabu, kama wageni walioshiba kwao. Kisha, alasiri, kabla hajasikia chochote, kuku wote wakageuza shingo kuutazama mlango wa nyuma.

Mlango ukafunguka. Akaingia mama mkwe wake, Mama Sungi, akinyata, amefutika kitu kwenye kanga. Akafungua pindo, akamwaga soya chini.

"Kuleni, wanangu," alinong'ona. "Kuleni chakula cha watu."

Alipoinua macho akamwona mkwewe juu ya kigoda.

"Nilikuja kuwasalimia," alisema Mama Sungi.

"Naona wamekuitikia, mama."

Mama Sungi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akayatoa yote. Binti yake Petronila amejifungua, na mayai ya mzazi hutoka banda hili, ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za bibi yake. Wakwe wa Petronila wakisikia kuku wanapakuliwa funza, yeye ataificha wapi sura yake? Soya ameinunua mwenyewe. Alipoulizwa kwa fedha ipi, akatazama pembeni, akasema siku hizi maziwa yanamsumbua tumbo.

Leokadia akakumbuka uji mkavu, usio na maziwa, aliokuwa akiuona kila asubuhi kwenye kikombe cha mama huyu anayependa maziwa kuliko sukari. Pua ilikuwa imenusa kila kitu bandani isipokuwa hicho.

Alitaka kumwambia kwamba banda likifungwa, mzazi hatapata yai la rangi yoyote. Akayameza hayo.

"Mama, kuku wa bibi yako walikuwa wanakula nini?"

"Walijitafutia."

"Wapi?"

"Jalalani. Nyuma ya zizi."

"Na huko kulikuwa na soya?"

Mama Sungi akamtupia jicho. "Najua unakonipeleka, binti. Funza walikuwepo. Lakini kuku walichakura wenyewe. Hakuna aliyewatengea sahani kama wakwe. Hiyo mashine yako inawaandalia funza mchana kweupe, na mimi nione!"

Leokadia akacheka mpaka kuku wa karibu wakaruka.

Siku hiyohiyo aliifundisha Mlishaji adabu mpya. Isimimine tena funza. Iwafukie chini ya maranda, hapa wachache, pale wachache, kama mtu anayeficha peremende watoto wasizione. Kesho yake kuku walichakura mpaka vumbi likafika darini. Kinyesi kikapinduliwa pamoja na maranda, kikakauka upesi, na ile hewa kali ikakosa pa kutokea. Alasiri hakuna kuku aliyekumbuka mlango wa nyuma. Pua ikapita, ikarudi, ikatulia.

Ijumaa akaja mkaguzi, Bwana Kitundu, mtu mpole mwenye Pua kubwa begani kama kasuku. Akazunguka banda, kisha akauliza kuku hawa wanakula nini. Leokadia akafungua mdomo, lakini mama mkwe wake alishatangulia.

"Wanachakura, baba. Kama wa zamani."

Mkaguzi akatabasamu, akaandika pete ya kijani.

Jikoni, Mama Sungi akachemsha mayai ya kumpelekea mzazi. Kabla ya kuyapanga kwenye kapu, alichukua moja, akalimenya, akaligeuzageuza kama anayemkagua mchumba wa binti yake. Akang'ata.

"Chumvi," alisema Mama Sungi, akinyoosha mkono.

Akalimaliza, akamenya jingine. Leokadia akamsogezea kikombe cha uji, mweupe kwa maziwa. Mama Sungi akakitazama kikombe, akamtazama mkwewe.

"Tumbo limepona," alisema, akanywa.