Saa Iliyopanda Mlima Kabatini

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijapata nguvu, msichana mmoja wa darasa la sita alifungua madirisha ya duka la shangazi yake, akafagia sakafu, kisha akafuta vioo vya makabati kwa kitambaa laini. Duka lilikuwa kando ya ziwa, chini ya safu ya vilima, na wateja wake walikuwa watu wapendao michezo ya nje: waendesha baiskeli, wenye vimashua vya matanga, na wale majasiri wanaojirusha kutoka kilele cha mlima kwa mabawa ya kitambaa. Humo ndani mlikuwa na kila kifaa cha kuwaongoza. Vilikuwepo vifaa vya GPS, vinavyopokea ishara za setilaiti na kumwambia mtu mahali alipo; vilikuwepo vipimo vya kina cha maji, na kompyuta za baiskeli zisizozidi ukubwa wa kiberiti. Shangazi aliviuza na kuvikodisha, na vilivyoharibika vilitengenezwa papo hapo.

Majirani walimwita msichana huyo Darubini, kwa kuwa hapakupita jambo mbele yake asilione. Alijua ni mteja gani aliyebadilisha miwani na ni paka wa nani aliyekula samaki wa nani. "Mtoto huyu," shangazi alizoea kusema, "angezaliwa na macho manne, mtaa mzima ungehama."

Likizo hiyo macho yake mawili yalikuwa na kazi moja tu: kumchunguza fundi mpya.

Fundi alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vidole vyepesi. Kazi yake haikuwa na dosari. Mwenendo wake ndio uliomtia Darubini mashaka. Karibu kila siku alifika akihema kama aliyekimbizwa, suruali imejaa matope magotini. Viwiko vyake havikukosa michubuko. Ukipona huu, unazuka ule.

"Fundi, umeanguka?"

"Kidogo."

"Wapi?"

"Njiani."

"Njia gani hiyo inayokuangusha wewe peke yako, sisi wengine inatupitisha salama?"

Fundi alicheka bila kuinua uso. "Darubini, nipe ile bisibisi ndogo, tafadhali."

Darubini alimpa bisibisi, lakini moyoni hakutulia. Mtu anayejibu kwa neno moja moja, alijiambia, ana lake jambo.

Tena duka lilikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kifaa cha mteja hakitoki mlangoni ila kimo mkononi mwa mteja mwenyewe. Fundi aliyetangulia aliichezea sheria hiyo. Alichukua kifaa cha watu akaenda kujionyesha nacho ziwani, nacho kikazama. Alifukuzwa siku hiyo hiyo, na shangazi aliapa kwamba wa pili atafukuzwa kabla hajamaliza sentensi ya kujitetea.

Jioni moja daktari wa meno wa mjini, ambaye siku za mapumziko alikuwa mrukaji, alileta saa yake ya mwinuko. Ilikuwa saa kubwa ya mkononi inayomwonyesha mrukaji yuko mita ngapi juu ya usawa wa bahari. Kioo chake kilikuwa kimepasuka. Fundi alitia kioo kipya, akabonyeza vitufe mpaka saa ikasoma mia nane na ishirini, ambao ndio mwinuko wa duka, kisha akaiweka kabatini na kufunga kwa ufunguo. Darubini aliyaona yote hayo.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akifuta kioo cha kabati hilo, kitambaa kilimkwama mkononi. Saa ilikuwa pale pale ilipowekwa, lakini sasa ilisoma mia nane sitini na moja.

"Saa haina miguu," alinong'ona. "Imepandaje?"

Kabla hajapata jibu, fundi aliingia. Siku hiyo matope yalikuwa yamefika mapajani, na jani bichi lilikuwa limenasa nyweleni mwake. Darubini alihisi kwamba fumbo limejifumbua lenyewe. Nani mwingine mwenye ufunguo wa kabati, mbali na shangazi? Nani arudiye na matope ya milimani? Kikulacho ki nguoni mwako!

Fundi alipofungua kabati na kugeuka kutundika koti, Darubini aliichukua saa haraka, akatafuta ukurasa wake wa ramani ya GPS, unaohifadhi njia zilizopitwa. Hapakuwa na njia hata moja ya usiku ule.

"Ameifuta," alijiambia, akazidi kuamini. Ndivyo ilivyo shaka: ikipata ushahidi hushiba, na ikiukosa husema umefichwa.

Muda si muda daktari wa meno alifika kuchukua saa yake. Shangazi alikuwa ameanza kumweleza habari ya kioo kipya, Darubini asiweze tena kujizuia.

"Shangazi, usimpe! Fundi ameipeleka mlimani."

Shangazi alimgeukia polepole.

"Umesikia, au umeona?"

"Nimeona."

"Kwa macho yako?"

Darubini alisita kidogo. Alikuwa ameona namba; hakuwa ameona mlima wala safari. Lakini wote walikuwa wakimtazama, na neno lilikuwa limekwisha fika mdomoni.

"Kwa macho yangu, shangazi."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Mama, saa hii sikuitoa. Naapa."

"Basi alfajiri ya leo ulikuwa wapi?"

Fundi alifungua mdomo, akamtazama daktari, akamtazama Darubini, akaufunga tena. Masikio yalimwiva. "Nilikuwa na shughuli zangu," alisema hatimaye.

"Shughuli zenye matope mpaka mapajani?"

Shangazi alinyoosha mkono. "Ufunguo, tafadhali. Nenda nyumbani."

Fundi aliuweka ufunguo mezani bila kelele, akachukua koti lake, akatoka. Hata mlango aliufunga taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Naye daktari alikataa kuichukua saa mpaka ikaguliwe. "Mimi huruka nayo, bibi," alimwambia shangazi. "Ikinidanganya angani, sitapata nafasi ya kuja kulalamika." Akaiacha juu ya meza, akaenda zake.

Shangazi aliingia chumba cha nyuma kutafuta kitabu cha maelekezo ya saa ile. Darubini alibaki peke yake. Alitarajia kuona fahari. Badala yake alijikuta akiutazama ufunguo ule mezani. Akaitupia saa jicho.

Mia nane sabini.

Alipepesa macho. Saa ilikuwa juu ya meza. Fundi alikuwa ameondoka, wala hakuna aliyeigusa. Ilikuwaje iendelee kupanda?

Hapo akili yake, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikikimbia, ilisimama kwa mara ya kwanza. Kama fundi aliipandisha saa mlimani, kisha akairudisha kabatini, basi saa nayo ingeshuka. Ingesoma mwinuko wa duka, kama kawaida. Mtu arudiye kutoka ghorofani haendelei kuwa ghorofani! Darubini aliliendea kabati la vioo, akawasha kompyuta ya baiskeli yenye kipimo cha mwinuko, ambayo haikuwahi kutoka dukani. Nayo ilikuwa imepanda kupita mia nane na ishirini. Akawasha ya pili. Imepanda.

"Basi kabati zima limepanda mlima!" alisema, na kicheko kilichotaka kumtoka kikakatika.

Alirudi mezani. Alikumbuka vema jinsi fundi alivyovibonyeza vile vitufe viwili. Angeweza kuirudisha saa kwenye mia nane na ishirini sasa hivi, na shangazi asingejua lolote. Fundi angesahauliwa kama alivyosahauliwa yule wa kwanza, na yeye angebaki Darubini, msichana asiyekosea. Kidole chake kiligusa kitufe. Kilikuwa cha baridi. Alikiondoa kidole, akaenda mlango wa chumba cha nyuma kabla ushujaa haujamtoka.

"Shangazi, nimesema uongo."

Shangazi aliinua macho kutoka kitabuni. Darubini alieleza kila kitu tangu mwanzo, hata habari ya kidole na kitufe. Alipomaliza, shangazi alikwenda mezani, akaitazama saa, kisha akachungulia mbingu kupitia dirishani. Upande wa pili wa ziwa, mawingu mazito yalikuwa yamejikusanya.

"Lo!" shangazi alisema, akaketi. "Saa hii haijui mlima, mwanangu. Inapopima mwinuko, inajua uzito wa hewa tu. Ukipanda juu, hewa inayokulemea hupungua, nayo saa huonyesha kwamba umepanda. Lakini mvua kubwa ikikaribia, uzito wa hewa hupungua hata hapa chini, na saa hudhani imepandishwa. Ndiyo sababu mrukaji huirekebisha kila mara kabla ya kuruka. Mimi nayajua hayo kwa miaka mingi. Ungeniambia, 'Shangazi, namba zimebadilika,' ningekujibu kabla hujafumba mdomo."

"Sikukuambia namba."

"Hukuniambia. Nami nilikuuliza kama umeona. Sikukuuliza umeona nini. Hilo ni kosa langu, na hasira ndiyo iliyonisukuma. Vaa viatu, twende."

Walifunga duka, wakashika njia ya kwa fundi, nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenye nyumba aliwaelekeza kwenye uwanja mtupu uliokuwa karibu. Huko walimkuta fundi juu ya baiskeli kuukuu, miguu imetanuka, ulimi nje, usukani ukiyumba huku na huku. Alipowaona alisahau breki, akaingia moja kwa moja kwenye kichaka chenye matope.

Shangazi alimsaidia kuinuka. "Kwa hiyo shughuli zako ndizo hizi?"

Fundi alitazama chini. "Mama, natengeneza vifaa vya waendesha baiskeli mchana kutwa. Wananiuliza njia ipi nzuri na kiti kipi laini. Ningewaambiaje kwamba mimi mwenyewe sijui kuendesha? Nilidhani nitajifunza kimya kimya, alfajiri, watu wakiwa bado wamelala."

Darubini alisogea mbele. Maneno aliyoyapanga njiani yote yalimtoroka. "Fundi, sikukuona ukiitoa saa. Niliona namba tu, nikasema nimekuona wewe. Nisamehe."

Fundi alijipangusa tope usoni. "Imeniuma," alisema. "Siku nzima ningejiuliza nimekukosea nini. Lakini umekuja mwenyewe. Nimekusamehe."

"Bado," alisema shangazi. "Jina lake lilichafuliwa mbele ya mtu, litasafishwa mbele ya mtu huyo huyo."

Chumba cha kungojea cha daktari wa meno kilikuwa na wagonjwa walioshika mashavu. Darubini alisimama mlangoni, akaanza kusema kwa sauti ndogo.

"Fungua mdomo vizuri," daktari alimwambia, "sikusikii."

Mgonjwa mmoja alicheka, jino likamfanya ajute. Darubini alivuta pumzi, akasema wazi, wote wakisikia, kwamba fundi hakuwa na hatia na kwamba yeye ndiye aliyesema asiloliona. Daktari alimpa fundi mkono. "Jioni nitaifuata saa yangu," alisema. "Nataka uirekebishe wewe mwenyewe."

Walipotoka, matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakipiga bati. Walijibanza barazani, na shangazi akamrudishia fundi ufunguo, akimwomba radhi pasipo kuzungukazunguka. Kisha akamshika mpwa wake begani.

"Sikukatazi kutazama," alisema. "Macho yako ni mazuri, na leo hayakukosea: yalikuonyesha namba. Mlima uliuongeza wewe. Mtu mwaminifu hutenganisha alichokiona na anachokidhani, na akitoa habari husema, 'Nimeona hiki. Sababu yake siijui.' Hayo si maneno ya aibu. Kilicho aibu ni kumfukuzisha mtu kazi kwa kuogopa kuyatamka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Basi kesho alfajiri utakwenda uwanjani kumshikia fundi baiskeli. Nawe fundi, mtu hajifunzi kuendesha kwa kujificha. Mwenye kushikiwa huanguka mara chache."