Tonge Lililotafunwa

Tonge lile halikutoa mlio lilipoanguka. Mama Hadam aliliona likipita hewani na kuzama kwenye majani ya mwaloni, majani makavu ambayo hulia hata panya akipita juu yake, na hakusikia kitu. Wenzake walikuwa wanacheka, kwa hiyo alidhani kelele zao ndizo zilizomziba masikio.

Aliyewachekesha ni mumewe, Pyo. Jumapili hiyo chama chao cha kupanda mlima kilikuwa kimefika kwenye jiwe pana chini ya kilele cha Maebong, mlima mfupi ambao hata bibi mwenye magoti mabovu hufika juu na pumzi ya kusengenya anabaki nayo. Watu walikuwa wamevua viatu na kufungua mayai ya kuchemsha, kimchi ya kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, pombe ya mchele na gimbapu, ule wali unaosokotwa ndani ya mwani. Sasa, mlimani hapaliwi kabla ya kutupa. Tonge la kwanza, safi, hurushwa porini na mtu akaita "Gosire!" ili wenye njaa wasioonekana wapate chao, ndipo binadamu ale. Lakini Pyo ni mlafi, na alikuwa ameshajaza mashavu.

"We Pyo! Mbona hujatupa?" alifoka Bwana Tak, mwenyekiti wa chama.

Pyo akaingiza vidole viwili kinywani, akachomoa bonge la wali lililokwisha kutafunwa, uzi wa mate ukining'inia, akalirusha.

"Gosire! Haya kula, kibogoyo wangu. Nimeshakutafunia kabisa!"

Watu wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Watu wazima hao, wenye wajukuu! Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ila huu ulingoja wafike nyumbani kwanza.

Jioni Pyo alikula bakuli la wali, akaongeza, akaongeza tena, kisha akamtazama mkewe kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mama Hadam, leo umepika nini? Natafuna, natafuna, nikimeza ni hewa."

"Nimepika kilekile cha jana, baba. Labda umechoka na mlima."

Hakuwa amechoka. Kadiri siku zilivyokwenda, ndivyo alivyozidi kula na kukonda, mpaka suruali ikawa inashikiliwa kwa mkono. Hospitali walimpitisha kamera kooni wakasema tumbo lake ni jeupe, halina kidonda wala chakula. Na alianza kunuka. Ilikuwa harufu ya ukoko wa wali uliosahauliwa sufuriani, na chini yake harufu ya meno yaliyooza, ikatoka kinywani mwake ikaingia kwenye mito, mapazia, hata kwenye taulo zilizotoka kufuliwa. Mama Hadam alilala naye hivyohivyo, uso kwa uso, kwa sababu mtu akiugua hageuziwi mgongo.

Asubuhi moja, jua limejaa jikoni, alimwekea supu ya maharage na wali. Pyo akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akatulia ili ameze. Taya zake zilikuwa zimesimama kabisa, na bado Mama Hadam alisikia kitu kinatafuna, chwa, chwa, chwa, karibu sana na mumewe, kwa pupa na unyevunyevu, na alipoinama atazame vizuri aliona mdomo wa chini wa Pyo ukivutwa mbele na kitu kisichoonekana, ukavutika kama ziwa la mbuzi kinywani mwa mwanambuzi, mashavu yakabonyea ndani, wali mweupe uliochanganyika na ute ukatokeza kidogo kati ya meno, ukafyonzwa, ukapotea hewani pale mbele ya macho yake, kisha kitu fulani kikaanza kumlamba Pyo kidevu, taratibu, toka upande huu hadi ule, kikiacha alama pana inayong'aa. Mama Hadam alikimbilia sinki akatapika hadi nyongo.

"Umekiona?" Pyo alinong'ona.

"Nimekiona."

"Kina ulimi, Mama Hadam. Kinauingiza mpaka huku." Akagusa koo lake. Machozi yakamtoka.

Bwana Tak ndiye aliyewapeleka kwa mganga, mama mmoja mnene aliyeishi chini ya Maebong na kuvaa suti ya mazoezi. Alipofungua mlango alifunika pua kwa kiganja, na baada ya kusikia habari yote akamtazama Pyo kwa chuki ya wazi.

"Wale hupewa tonge safi kama mgeni. Wakila, wanakwenda zao. Wewe umemtafunia. Nani hutafuniwa chakula katika dunia hii?"

"Mtoto," Mama Hadam alijibu kwa sauti ndogo.

"Basi jini huyo amepata mama."

"Mama? Mimi?" Pyo alisema. "Mwenye ndevu?"

"Hana macho ya kuona ndevu zako. Ana mdomo tu."

"Mfukuze basi, mama'angu. Nitakupa chochote."

"Mtoto hafukuzwi, anaachishwa." Mganga akawapa fungu la mizizi michungu. "Tafuna hii, na usitafune kitu kingine chochote. Atakuja, atakuta uchungu, atalia. Mwacheni alie mpaka achoke arudi alikotoka. Na asitokee mtu wa kumhurumia akamtafunia, maana akishapata mama wa pili hakubali kuachishwa tena. Mzizi hautamshinda, wala mimi sitamweza."

"Na mume wangu? Hana hata nyama ya kusubiria."

Mganga hakumficha. "Atakayechoka kwanza ndiye atakayeondoka. Wanaoshindana hapa ni wawili tu, na mmoja alishakufa zamani."

Pyo alitafuna mizizi. Midomo ilimpasuka, ute wa kijani ukamtoka hadi kwenye kola, na jini alipoonja, alilia. Alilia ndani ya kabati la vyombo, chini ya meza, kwenye bomba la sinki, kilio chembamba chenye makohozi, kama mtoto mchanga aliyezibwa pua. Harufu ikawa nzito kiasi kwamba nzi walikufa dirishani. Pyo alilala sakafuni, mbavu zikihesabika, na siku aliyoshindwa kuinua mkono kuchukua mzizi, Mama Hadam alimshika kifundo akakuta mpigo wa damu unakuja na kupotea.

"Baba Hadam. Jikaze. Kinakaribia kuchoka, sikia, sauti imepungua."

"Mimi nimechoka zaidi," Pyo alisema. Macho yalikuwa yameanza kugeuka.

Mama Hadam alikwenda jikoni. Alichota wali kijiko kimoja, akautia kinywani, akautafuna mpaka ukawa uji, akautema kwenye kisahani. Alikiweka sakafuni karibu na kabati.

"Njoo," alisema. "Njoo kwangu, mwache huyo."

Kilio kikakatika. Akasikia kisahani kikilambwa, kikisogea kidogo kidogo vigaeni mpaka kikagonga kidole chake cha mguu.

Jioni hiyohiyo Pyo alimeza mchuzi ukafika tumboni. Alilia kwa furaha, akaomba nyama, akaomba mayai, na hakuuliza imekuwaje. Baada ya wiki chache alikuwa na mashavu tena, na Jumapili akapanda Maebong na wenzake, akawasimulia jinsi alivyomshinda jini kwa ukaidi wake mwenyewe. Bwana Tak alimpigia makofi.

Aliporudi, viatu bado vina udongo, alimkuta mkewe mezani na bakuli la wali, shingo imekuwa nyembamba, nguo imemlegea mabegani. Pyo alisimama mlangoni akafunika pua.

"Aah, Mama Hadam! Mdomo gani huo? Nenda kapige mswaki, bwana, unataka nitapike? Leo nalala sebuleni."

Akaondoka akifungua madirisha njiani. Mama Hadam alibaki na wali wake mdomoni. Kitu chenye unyevu kilimgusa kona ya midomo, kikamfuta chozi lililokuwa limefika hapo, kikangoja. Akatafuna vizuri, polepole, kisha akafungua kinywa.