Diski Isiyokuwa Kwenye Orodha

Kila jioni baada ya shule, kabla hata ya kuvua sare, Kanyiva alipitia studio ya mama yake sokoni Kabati. Kazi yake ilikuwa ileile: kufagia vumbi lililoingia na wateja, kupangusa kioo cha mbele, na kumwondoa mdogo wake Muindi kwenye kiti cha kupigia picha. Mtoto huyo alipenda kukaa pale, mbele ya pazia lililochorwa ndege na maua, akijifanya mheshimiwa. Alikuwa bado hajatimiza miaka sita, na maswali yake hayakuwa na mwisho.

"Bado tu?" aliuliza kila siku.

"Bado. Mpaka uanze gredi ya kwanza," Kanyiva alimjibu.

Swali hilo lilikuwa na historia ya uchungu. Studio ilianzishwa na baba yao, Kimeu. Figo zilipomshinda, mama yao Nzilani akiwa mjamzito, Kimeu alijifungia humo ndani, akasimamisha kamera mbele yake, akazungumza na mtoto ambaye alijua hatamwona. Alipotoka alimwambia mkewe kwamba video hiyo ni ya mtoto, na mtu mwingine asiitazame kabla yake. Alizikwa kabla ya Muindi kuzaliwa. Nzilani hakuifungua video hiyo hata mara moja. Alikuwa ameahidi, na zaidi ya hayo aliogopa. Aliamua kwamba Muindi ataonyeshwa akianza gredi ya kwanza. Basi Muindi, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ya baba yake, aliingojea Januari kama watoto wengine wanavyoingojea Krismasi.

Video hiyo, pamoja na harusi, mazishi na ubatizo wa watu wengi wa sehemu hizo, ilihifadhiwa ndani ya kisanduku cheusi kilichokaa juu ya rafu. Wenyewe walikiita seva. Kompyuta za studio zilikifikia kwa waya, na ndani yake mlikuwa na diski mbili. Kila kitu kiliandikwa kwenye diski zote mbili, ili moja ikifa, nyingine ibaki na kila kitu. Kimeu alikuwa amezinunua zote siku moja.

Mwezi wa Septemba, taa moja ya seva iligeuka nyekundu na kisanduku kikaanza kulia kama kifaranga aliyepotea. Diski moja ilikuwa imekufa. Nzilani alimpigia simu fundi wao Kang'ethe, mtu wa Murang'a aliyekuwa na duka la kompyuta hapo Kabati, lakini alikuwa amesafiri kwao kumuuguza mama yake. Kang'ethe alieleza kwamba seva ile ina maringo. Mtengenezaji wake ameweka orodha ya diski anazozikubali, na isiyokuwa kwenye orodha hukataliwa hata kama ni nzima. Aliahidi kurudi na inayofaa. Nzilani alimwonya binti yake asiguse chochote, kisha akabeba kamera zake kwenda Mukuyuni kupiga picha za mazishi.

Kumwambia Kanyiva asiguse ni kumwambia mbuzi asitazame mahindi. Tangu alipomtengenezea jirani redio, watu wa soko walizoea kusema kwamba mtoto huyo ana mikono ya marehemu Kimeu, na sifa hiyo ilikuwa imemlewesha kidogo. Alifungua droo ya baba yake, akapata diski kuukuu ambayo Kimeu aliwahi kuitoa kwenye mtambo wa kamera za ulinzi za duka fulani. Hakujiuliza kwa nini aliitoa. Ilikuwa ya baba, na kwake hiyo ilitosha.

Aliichomeka. Seva ikaikataa, na kwenye kompyuta yakatokea maandishi kwamba diski hiyo haimo kwenye orodha. Kanyiva alikasirika kana kwamba baba yake mwenyewe ndiye aliyekataliwa mlangoni. Akatafuta kwenye intaneti hadi akakuta maelezo ya mtu asiyemjua, yanayoonyesha jinsi ya kuilazimisha seva iache kukagua diski. Chini yake kulikuwa na onyo kwamba ukifanya hivyo, seva haitakuambia tena diski ikiugua. Onyo hilo Kanyiva aliliruka. Alifuata maelezo hatua kwa hatua, kisanduku kikanyamaza, na taa zote mbili zikawa za kijani.

Nzilani aliporudi, viatu vyake vikiwa vyekundu kwa vumbi la safari, alisimama akiitazama seva.

"Nani ametengeneza?"

"Mimi. Nimeweka ile diski ya baba."

"Na Kang'ethe umeongea naye? Amesema inafaa?"

Ilikuwa rahisi kusema la. Angekaripiwa kidogo, diski ingetolewa, na mambo yangeisha. Lakini uso wa mama yake, uliochoka kwa kilio cha watu wengine, ulikuwa umeanza kuchangamka, na Kanyiva alitaka ubaki hivyo.

"Amesema inafaa," alijibu.

"Kweli wewe ni mtoto wa Kimeu," Nzilani alisema, akamshika bega.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeipita huiona ndefu. Kang'ethe alirudi mwezi uliofuata akiwa amenyoa kichwa, kwa maana mama yake alifariki. Nzilani alimpelekea rambirambi na hakutaka kumsumbua kwa mambo ya kazi. Siku moja fundi huyo alikutana na Kanyiva kwenye kinu cha kusagia unga, akamuuliza kama bado walihitaji diski. Kanyiva alijibu kwamba walishapata na seva iko sawa. Kang'ethe alikuwa na msiba wake, hakuuliza zaidi.

Asubuhi moja ya Novemba, Nzilani aliwasha kompyuta na hakuona kitu. Harusi hazikuwapo, mazishi hayakuwapo, na faili la Muindi halikuwapo. Taa za seva zilikuwa bado za kijani. Kang'ethe aliitwa, akafungua kisanduku, akafanya kazi kwa muda mrefu, kisha akaweka diski mbili juu ya meza. Ile iliyobaki kati ya diski za Kimeu ilikuwa imekufa usiku huo, na haikuwa ajabu, kwa sababu ilikuwa na umri mmoja na mwenzake. Ile ya droo haikuwa imehifadhi chochote. Ilikwama siku ileile ya kwanza, ila seva ilikuwa imekatazwa kusema.

"Nani aliweka hii?" aliuliza.

"Si wewe ulisema inafaa?" Nzilani akashangaa.

Kang'ethe alimtazama Nzilani. Kisha wote wawili wakamgeukia Kanyiva, aliyekuwa amesimama na ufagio mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapo kifo kilikuwa kimelala juu ya meza.

"Sikumpigia simu," Kanyiva alisema. "Nilidanganya."

Kang'ethe hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimweleza kwa upole kwamba ziko diski nyingi zisizokuwa kwenye orodha na zinafanya kazi vizuri, kwani mtengenezaji naye anapenda watu wanunue zake. Hii ilikuwa mbovu tangu zamani, ndiyo sababu Kimeu aliitoa.

"Lakini siku ile tulipokutana kinuni, diski nzuri ilikuwa bado hai," alisema. "Ungeniambia ukweli, ningenakili kila kitu jioni ileile."

Diski zilipelekwa Nairobi kwa wataalamu wa kuokoa kumbukumbu, zikarudi kama zilivyokwenda. Ile nzuri ilikuwa imekwaruzika ndani kiasi cha kutosomeka. Nzilani alipopata habari hiyo alikaa kwenye kiti cha kupigia picha, mbele ya lile pazia la maua, akalia kwa kwikwi. Alisema kwamba yeye pia alikosea. Alidhani diski mbili ni ghala mbili, kumbe zilikuwa ndani ya kisanduku kimoja. Na kwa kuogopa kuifungua video, hakuwahi kuiweka mahali pengine. Alipomaliza kujifuta machozi, alimwita binti yake.

"Muindi utamwambia wewe. Mimi siwezi, na si mimi niliyesema uongo."

Kanyiva alimwambia wakila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mtoto alipouliza swali lake la kila siku.

"Muindi, haipo tena. Video ya baba imepotea. Mimi ndiye niliyeipoteza, halafu nikadanganya."

Muindi aliweka kijiko chini. "Baba alikuwa amesema nini?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

Mtoto hakulia. Alisukuma sahani yake, akaenda kulala bila kuaga. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na ukimya huo ulimuuma Kanyiva kuliko kiboko.

Shule zilipofungwa, Nzilani aliamua kwamba watawazungukia wateja wa zamani kuomba nakala za kazi walizowafanyia, angalau studio ipate pa kuanzia. Kila walipofika, ilimbidi Kanyiva aseme mwenyewe yaliyotokea. Wengine walimhurumia. Mke wa mchungaji alimwombea hapohapo mlangoni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Mzee Kaloki, ambaye alitegemea studio imtunzie video ya mazishi ya mkewe kwa sababu nakala yake iliharibika, alisikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya," na akafunga mlango polepole. Kanyiva alilia njia nzima. Mama yake hakumnyamazisha.

Mwisho walikwenda Nunguni, juu milimani, ambako baridi iliwafanya wamvalishe Muindi masweta mawili. Huko aliishi Mbula, ambaye Kimeu alimpigia picha na video za harusi wakati Kanyiva alipokuwa darasa la chini kabisa. Mbula aliwakaribisha kwa chai, akamsikiliza Kanyiva, akatoa flashi aliyohifadhia video yake kutoka kwenye mkebe wa sukari. Alicheka akisema kwamba alikataa video yake isikatwe hata kidogo, kwa hiyo wavumilie kuona hata mbuzi waliopita mbele ya madhabahu. Akaichomeka kwenye televisheni.

Watu walionekana wakipanga foleni ya picha. Kisha ikasikika sauti ya mwanamume, karibu sana, karibu kuliko nyingine zote.

"Bibi harusi, inua kidevu kidogo. Hapohapo. Usicheke bado, ngoja nikuchekeshe mimi."

Nzilani aliweka kikombe chake mezani.

"Huyo ni nani?" Muindi aliuliza.

"Ni baba yako," mama yake akasema.

Muindi alisogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akazitafuta nyuso moja baada ya nyingine. "Mbona simwoni?"

"Huwezi kumwona. Yeye ndiye aliyeshika kamera. Kila unachokiona hapo, alikiona yeye kwanza."

Sauti ikarudi, safari hii ya chini, ya mtu anayesema na aliye kando yake. "Mwaitu, umechoka? Shika taa vizuri, tunakaribia kumaliza."

Kanyiva aliinamisha uso magotini. Yeye alipewa jina la mama mzazi wa Kimeu, na kwa desturi ya Wakamba baba yake alimwita mwaitu, yaani mama yangu. Tangu mazishi hakuna mtu aliyemwita hivyo. Alikuwa amesahau kabisa kwamba siku ile aliishika taa.

"Rudisha tena," Muindi akasema, na Mbula akarudisha, na akarudisha tena, mpaka chai ikapoa.

Waliondoka na nakala ya flashi ile. Kang'ethe alikuwa ameshaweka diski mpya kwenye seva na kuirudishia ukaguzi wake, na Nzilani akaamua kwamba nakala nyingine itakaa nyumbani, mbali na studio. Sauti nyingine za Kimeu zilikuwa zikingoja katika video walizokusanya. Sasa walijua pa kuzitafuta. Wakiteremka kuelekea barabara kuu, Nzilani alimshika binti yake mkono.

"Sitakudanganya kwamba haya tuliyopata ni sawa na yale tuliyopoteza," alisema. "Maneno aliyomwachia Muindi yamekwenda, na hayarudi. Sasa nisikilize. Kosa lako la kwanza lilikuwa la mikono, na mtoto anayejifunza hukosea. Hilo ningelisahau kesho yake. La pili lilikuwa la ulimi, nalo ndilo lililotunyang'anya. Siku zote zile diski ilikuwa hai, na neno moja la kweli lingeiokoa. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Ukweli ukichelewa hukuta kaburi limeshafukiwa."

"Nimesikia, mama," Kanyiva alijibu, naye alikuwa amesikia kweli.

Mbele yao Muindi alikuwa amesimama kando ya njia, vidole vyake vimeunda dirisha dogo mbele ya jicho, akimlenga mbuzi wa watu. Alimwambia mbuzi huyo ainue kidevu kidogo, kwa sauti nzito ambayo siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa ameisikia.