Mkono Kooni mwa Maylis

Hebu fumba macho, uone jiko la shambani huko Gaskonia, kusini mwa Ufaransa, asubuhi ya baridi. Ukungu umeziba dirisha. Mezani kuna mkate, siagi na kahawa, na mama mmoja, Noélie, anamtazama binti yake akishindwa kumeza.

"Ni kahawa tu, mwanangu."

"Haipiti, Mama." Maylis akajigusa koo. "Kuna kitu kinanishika hapa."

Jikoni kulinuka mahindi ya kuchemshwa. Lakini hapakuwa na sufuria motoni.

Noélie alifuga bata bukini, kama mama yake alivyofuga. Wiki za mwisho kabla ya kuwachinja, alikaa kigodani bandani, akambana kila mmoja kati ya magoti, akamtia mrija wa faneli kooni na kumshindilia mahindi, huku vidole vyake vikimpapasa shingo ili yashuke, mpaka ini livimbe liwe la kuliwa Krismasi. Na kila mara alimnong'oneza: "Kidogo tu, kipenzi changu. Kidogo tu." Sokoni aliwaambia wanunuzi kwamba bukini wake humkimbilia wenyewe. Wakaamini. Hata yeye aliamini.

Kisha, siku chache kabla ya asubuhi ile, Maylis akarudi kutoka mjini Toulouse na bango. Akasimama kwenye lango la soko, akiwasihi watu wasinunue maini yale, mbele ya meza ya mama yake mwenyewe.

"Noélie, yule si wako?" jirani muuza jibini akamtania. "Mpelekee koti basi. Atatufukuzia wateja huku ana mafua."

Watu wakacheka. Noélie alirudi nyumbani uso ukimwaka. Maylis akamfuata bandani, akamkuta ameshika faneli.

"Mama, wanakuogopa. Hebu watazame."

"Ungeshindiliwa wewe koo," akasema Noélie, "tungepumzika."

Alijuta palepale, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Usiku ule Maylis hakuweza kula.

Siku zikapita, msichana akakonda. Alasiri moja Noélie alikuwa akipita ukumbini na mashuka mikononi aliposikia, nyuma ya mlango wa Maylis, mtu akinong'ona kwa upole, "Kidogo tu, kipenzi changu," na sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, naye alikuwa amefunga mdomo. Akausukuma mlango, harufu ya mahindi ikampiga usoni, akamwona binti yake kitandani akihema mdomo wazi kama bukini wanavyohema siku za mwisho, na kwenye shingo yake nyeupe ngozi ilikuwa ikibonyea, ikishuka polepole, kama inayopapaswa na vidole ambavyo havikuonekana.

Akamwita Bwana Cazaubon, mzee anayepoza majeraha ya moto kwa pumzi na dua. Mzee alisikiliza mlangoni, akavua kofia.

"Sauti hii ni ya nani, Bi Noélie?"

"Yangu."

"Basi mimi siiwezi. Nenda ukakae kigodani, faneli mkononi, ufungue kizimba. Akija bukini mmoja kwa hiari yake, kama unavyosema sokoni, itatoka."

"Na asipokuja?"

"Utajua la kufanya."

Akaenda, akakaa, akafungua. Bukini wakarudi nyuma mpaka ukutani, wakipandiana, wakihema. Miongoni mwao alikuwamo mmoja aliyemlea tangu kifaranga, aliyekuwa akilala mfukoni mwa aproni yake. Akamwita kwa upole. Naye akaficha kichwa nyuma ya wenzake.

"Hawaji," akasema Noélie, ingawa hapakuwa na mtu. "Hawajawahi kuja."

Akaiweka faneli chini, akaikanyaga mpaka ikapondeka, akafungua mlango mkubwa wa kwenda malishoni. Kutoka nyumbani akasikia kikohozi, kisha Maylis akiita, "Mama, nina njaa."

Alimpikia supu ya kabichi, akamketisha mezani jikoni, akaketi karibu naye, machozi yakimtoka. Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Kwa furaha Noélie akanyoosha mkono amfute kidevu, akamnong'oneza:

"Kidogo tu, kipenzi changu."

Maylis akaruka kitini, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta, mdomo wazi, akihema.

Wakatazamana. Jikoni kulinuka mahindi.

Sasa fumbua macho. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: sauti ile ilikuwa ya upole.