Maji Kwanza, Dawa Baadaye

Husna na Alfani walijuana kwa ugomvi wa kopo la klorini, Ijumaa moja duka limefurika watu. Duka ni la Mzee Waziri, hapo Ukunda, la kuuza dawa za mabwawa ya kuogelea, na Husna ndiye mpimaji. Alfani alikuwa ametoka Kikoneni wiki ile ile, amepata kazi ya kutunza bwawa la watu Diani, na dawa aliyoizoea ni ile ya kunyunyizia mahindi. Alilipia kilo yake, akafungua kopo pale pale mlangoni, akaomba maji ayamimine ndani.

Husna alimfikia kabla buibui lake halijamaliza kuzunguka kaunta.

"Wewe, wataka kutuchoma? Maji kwanza, dawa baadaye. Wajaza ndoo maji, ndipo watia dawa kidogo kidogo. Na usiichanganye na dawa nyingine yoyote."

"Sawa, daktari," Alfani alisema, akamtabasamia vile ambavyo mwanamke aliye kazini hapaswi kutabasamiwa.

Tangu hapo hakuondoka dukani bila kuambiwa maneno yale. Siku nyingine alipiga simu akiwa bwawani.

"Nisomee."

"Nikusomee nini, mpenzi?"

"Dua yangu."

"Maji kwanza, dawa baadaye. Haya, niache nina wateja."

Mambo yakaenda hivyo miezi minane, Husna akinenepa kwa furaha, mpaka Jumatatu moja alipopita duka la leso na kumwona Alfani akimtandika leso mabegani mwanamke mweupe, mrefu, wanacheka wote wawili. Hakuuliza. Alirudi kwao, akaifunga namba ya Alfani isimwingilie tena, akalia mpaka macho yakavimba.

Kesho yake asubuhi Alfani alikuja dukani, suruali yake ile ile yenye madoa meupe ya klorini.

"Husna, nakupigia tangu jana. Kuna nini?"

"Wataka nini dukani?"

"Bwawa limeota mwani, sioni hata ngazi ya pili. Wenyewe wanarudi kesho. Nipimie kilo mbili."

Alimpimia bila kumtazama. Pipa liliisha katikati, akafungua la pili, akajaza, akafunga kifuniko, akasukuma kopo juu ya kaunta.

"Hujaniambia kitu," Alfani alisema.

"Akakwambie huyo mwingine."

Alfani alichukua kopo akaondoka.

Adhuhuri Mzee Waziri alirudi kutoka msikitini.

"Husna, nani aliyefungua pipa hili?"

Husna aligeuka. Lebo ilikuwa ya klorini nyingine. Kwa macho ni unga mweupe ule ule, lakini hazipatani. Zikikaa kopo moja kisha zikaguswa na maji, hulipuka usoni mwa aliyezishika, na moshi wake huziba kifua. Jicho la kushoto la Mzee Waziri lilikwenda hivyo.

Alimpigia Alfani. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena.

"Nenda, mwanangu," Mzee Waziri alisema, na sauti yake ilikuwa imeingia hofu pia. "Nenda sasa hivi."

Nahashon, mwenye bodaboda wa pale nje, alikimbiza pikipiki bila kuuliza nauli.

"Sista, tulia, tunafika. Ni mgonjwa?"

Husna alifumba macho. Aliuona uso wa Alfani, kila mara ukiwa hauna macho. Alijiambia kwamba ni yeye, kwa mkono wake, kwa wivu wake.

Geti lilikuwa wazi. Bwawa lilikuwa kijani kama maji ya mchicha uliochemshwa. Ukingoni kulikuwa na ndara za Alfani. Ndoo imepinduka. Ufito wa brashi unaelea peke yake, na simu inaita chini ya shati, juu ya kiti.

"Alfani?"

Kimya, ila pampu iliyokuwa ikinguruma nyuma ya nyumba.

Husna hajui kuogelea. Alishuka ngazi ya kwanza, akashuka ya pili, utelezi ukimvuta miguu, buibui likafura juu ya maji. Alipapasa chini kwa unyayo, akimwomba Mungu asiguse kitu.

"Husna, toka humo, kunateleza."

Alfani alikuwa amesimama nyuma yake, peku, na mpira wa maji mkononi, ametoka kuosha chujio.

"Kopo liko wapi?"

"Lile pale kivulini. Sijalifungua."

"Tangu asubuhi? Kwa nini?"

"Hukuniambia maneno yangu." Alimvuta mkono, akamkalisha kwenye sakafu kavu. "Nakujua, ukikasirika hata mizani huioni. Nikasema nitakupigia kwanza. Napiga, siingii."

Husna alimweleza, maneno yakikatika kwa kilio. Alfani alilitazama lile kopo.

"Ningekuua," Husna alisema.

"Hukuniua."

"Na yule wa leso?"

"Ummi, mke wa kaka yangu. Mnalingana urefu. Ni leso za posa, Husna. Wazee wangu wanakuja kwenu Jumapili, nami nilitaka usijue."

Husna alijifunika uso kwa mtandio uliolowa. Aibu ilimkuta hofu bado haijaondoka.

Jua lilipopungua ukali Mzee Waziri alifika na klorini safi. Lile kopo aliliondoa mwenyewe, amelishika mbali na uso, hakumruhusu mtu kukaribia. Alfani akajaza ndoo maji. Akafungua dawa mpya, akachota, kisha akasimama, anamtazama Husna, anangoja.

Husna alichungulia ndani ya ndoo, akaona maji yametosha.

"Maji kwanza," alisema, "dawa baadaye. Na Jumapili waambie wazee wasichelewe."

"Sawa, daktari."

Alitia dawa kidogo kidogo, na Husna hakuondoa macho kwenye ndoo mpaka dawa ilipoisha.