Moja Juu, Moja Chini

Mimi ni fundi umeme hapa mjini Tainan, mwaka wa ishirini na saba sasa. Nimeingia kwenye dari za watu mara nyingi kuliko paka. Siogopi marehemu. Ninachoogopa ni waya wa moto ambao mwenye nyumba kaniapia kwamba hauna moto. Nayasema haya mapema ili msije mkadhani nimezoea kutetemeka. Yaliyotokea yalimkuta mama yangu mdogo, Bi-giok, na mimi nilikuwepo, bisibisi mkononi, saa sita mchana, jua likiwaka.

Feni yenyewe niliifunga mimi. Mama mdogo aliolewa kwa akina Khoo, mumewe akafa mapema, hawakujaliwa mtoto, akabaki na mama mkwe wake, Bibi Khoo, wawili tu ndani ya nyumba. Sebule yao ilikuwa joto huwezi kukaa. Nikawafungia pangaboi darini, swichi moja mlangoni. Wiki haijaisha Bibi Khoo akaniita tena. Chumba chake kilipakana na sebule, na alitaka swichi yake mwenyewe kichwani mwa kitanda, kwa sababu huyu mkwe wake, alisema, anatoka sokoni kalowa jasho, anajibwaga chini ya feni, anataka kufa kabla yake. Upepo juu ya jasho huingia kwenye mifupa. Aliyasema hayo huku akijipaka mafuta yake ya mnanaa kwenye paji la uso, yale ya kijani, ambayo harufu yake ilikupokea mlangoni.

Kazi si ngumu ukiielewa. Waya wa moto unaingia swichi ya kwanza, nyaya mbili zinakwenda hadi swichi ya pili, na kutoka hapo waya mmoja unapanda kwenye feni. Swichi zote mbili zinaamua, hakuna bosi. Nilivyozifunga mimi, moja ikiwa juu na nyingine chini, feni inazunguka. Zikifanana, inasimama. Nilipomweleza Bibi Khoo alicheka mpaka akakohoa. Akasema hivyo ndivyo tunavyowauliza marehemu madhabahuni: unatupa vile vipande viwili vya mbao, kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali, vikifanana, amekataa.

"Basi umenifungia mizimu ukutani," akaniambia.

Kwa miaka kumi na tisa wale wawili walibishana kwa swichi. Mama mdogo anarudi, anawasha. Ta. Bibi Khoo chumbani anazima. Ta. Huyu anawasha tena. Majirani walijua saa ya chakula kwa ugomvi ule. Hakuna aliyekubali kushindwa, na hakuna aliyegusa wali mpaka mwenzake aketi.

Bibi Khoo alikufa mwezi wa tatu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama mdogo. Ndipo mwanawe mkubwa, Bun-hiong, akashuka kutoka mji wa Taichung. Marehemu alikuwa akisema mbele ya kila mtu kwamba Bi-giok akae katika nyumba ile mpaka naye atolewe amebebwa. Lakini alisema tu, hakuandika, na nyumba ikarithiwa na Bun-hiong. Naye aliitaka tupu. Siku ya tatu baada ya mazishi alitia kufuli lake kwenye chumba cha mama yake, akauvaa ufunguo shingoni, akaondoka mbio hata chai hakumaliza.

Wiki ile ile mama mdogo akanipigia simu. Kila adhuhuri akitoka sokoni na kuketi, feni inasimama. Akiinuka kubonyeza, inazunguka. Akiketi, inasimama.

Nikaenda. Nikafungua swichi ya mlangoni, nikapima, nzima. Nikaibadilisha hata hivyo. Nikapanda ngazi nikaikagua feni, nzima. Tukakaa kula uji wa samaki, jasho likinichuruzika mgongoni. Nyuma ya mlango wenye kufuli nikasikia: ta.

Feni ikasimama. Kijiko changu nacho kikasimama.

Nilimpigia Bun-hiong kumwomba ufunguo, nikamwambia nataka kuikagua swichi ya chumbani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake anamfukuza Bi-giok, hata kipofu angeona, na akakata simu. Baada ya hapo akawaeleza ndugu wote vivyo hivyo.

Siku ya mia ya msiba tulikusanyika sebuleni. Bun-hiong alikuja na Mjomba Chua, mdogo wa Bibi Khoo, na kwetu wanasema mbinguni mkubwa ni Mungu wa Mbingu, duniani mkubwa ni mjomba. Mbele ya mzee huyo Bun-hiong aliapa: mama akisema shemeji abaki, atabaki mpaka kufa kwake, akikataa, shemeji atoke kabla mwezi haujaisha. Akawasha ubani. Akatoa vipande vya mbao mfukoni mwake, vipya, maana vya Bibi Khoo vilikuwa havionekani tangu mazishi. Akauliza, akatupa. Vikafanana. Akatupa tena. Vikafanana. Mara ya tatu, vile vile.

"Mjomba umeona mwenyewe," akasema.

Nilidhani mama mdogo atalia. Thubutu! Alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Nimebishana naye miaka kumi na tisa, shemeji. Sikumwogopa akiwa hai, sitaanza leo. Akinikataa, anikatae kwa mkono wake, si kwa mkono wako."

Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikamwambia Mjomba Chua kwamba nyumba hii ina vipande vingine, na aliyevipa jina ni marehemu mwenyewe. Nikamwonyesha swichi ya mlangoni. Nikamweleza: moja juu, moja chini, feni inazunguka, amekubali. Zikifanana, inasimama, amekataa. Swichi ya pili iko chumbani, na ufunguo wa chumba uko shingoni mwa Bun-hiong. Mara tatu mfululizo, kama kawaida. Mzee akaitazama feni iliyosimama, akatikisa kichwa kukubali. Bun-hiong alikuwa akitoka jasho, na mimi nikadhani ni joto.

Mama mdogo akaweka kidole kwenye swichi.

"Mama, nibaki?"

Ta. Feni ikaanza kuzunguka.

Bun-hiong akacheka kwa pua. Akasema huo ni umeme, hata mtoto angewasha. Na kwa hilo alikuwa sahihi, nami nikakiri. Lakini nikawaambia sasa wasikilize. Mama mdogo akibonyeza tena, kwa sheria ya waya feni lazima isimame. Lazima. Hakuna njia nyingine.

"Mama, nibaki?"

Ta.

Feni ikapoteza nguvu. Mapanga yakaanza kuonekana moja moja. Nikayahesabu. Manne. Yakapunguza. Yakapunguza tena. Bun-hiong akafumba macho.

Nyuma ya mlango: ta.

Mapanga yakashika mwendo. Moshi wa ubani ukatawanyika. Nywele za mikono zilinisimama, na ndiyo, ni mimi nisiyeogopa.

"Mama," akasema mama mdogo, sauti yake haikutikisika, "mara ya tatu. Nibaki?"

Ta, mlangoni. Na papo hapo, bila kungoja, ta ya chumbani. Haraka. Kwa hasira. Feni haikupunguza hata kidogo.

Mjomba Chua akanyoosha mkono, kiganja juu, akadai ufunguo. Bun-hiong aliushika kwa mikono miwili. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Hakuna swichi mle," akanong'ona. "Niliing'oa mwenyewe."

Akayatapika yote pale pale. Siku ile ya tatu alizima swichi kuu, akaing'oa ile ya chumbani kwa koleo, akazikata nyaya, ili feni ife na joto limwondoe shemeji yake. Aliporudisha umeme akasikia feni inazunguka sebuleni. Ndipo akatia kufuli, akakimbia.

Niliufungua mlango mimi. Vumbi sakafuni, nzima, bila alama ya mguu. Matandiko ya kitanda yamekunjwa. Ukutani, tundu. Ndani yake ncha tatu za nyaya, zimekatwa, kila moja imetazama upande wake. Nikagusa waya mmoja kwa testa, taa yake ikawaka: moto upo. Nikapima pengo kati ya waya huo na ule unaopanda kwenye feni. Vidole vinne. Umeme hauruki vidole vinne vya hewa. Feni ile haikupaswa kuzunguka hata dakika moja tangu siku ile.

Na nyuma yangu, sebuleni, nilikuwa naisikia inazunguka.

Kisha harufu ya mnanaa ikanipita usoni. Mbele ya macho yangu, hakuna kilichosogea ndani ya lile tundu. Lakini nilisikia: ta. Feni ikasimama.

Nikageuka. Mama mdogo alikuwa chini yake, uso umelowa jasho, gauni limemganda mgongoni. Akainua macho. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona machozi.

"Najua, Mama. Nina jasho," akasema. Akajifuta uso. Halafu akaenda mlangoni akaiwasha.

Mjomba Chua alivaa viatu vyake taratibu, akamwambia Bun-hiong kwamba mama yake ameshasema, na masikio anayo. Bun-hiong aliuacha ufunguo mezani. Hajakanyaga Tainan tena.

Mimi nilitaka kufunga swichi mpya. Mama mdogo akakataa katakata. Akasema Mama anayo swichi yake mwenyewe, haihitaji mkono wangu. Basi nikazifunga zile ncha kwa tepu kila moja peke yake, nikaziba tundu kwa kifuniko cha plastiki cheupe, kitupu, kisicho na cha kubonyeza. Huu ni mwaka wa tano. Juzi nilikula kwake, na katikati ya chakula feni ikasimama. Aliinuka na tonge mdomoni.

"Hajanishinda," akasema, akaiwasha.

Nikaingia chumbani kukitazama kile kifuniko. Pembe zake nne bado ni nyeupe. Katikati, mahali ambapo swichi ingekuwa, plastiki imebonyea na kugeuka njano, upana wa kidole gumba. Nilikifuta kwa spiriti, alama haikutoka. Kitambaa changu mpaka leo kinanuka mnanaa.